Dada wa Kwenye Kaseti

Mama aliniita Kiroboto, na hakunisingizia. Nikiwa na miaka kumi na mitano sikuweza kukaa kitako dakika tano mfululizo. Mguu ulicheza chini ya meza, vidole viligonga sahani, daftari, mgongo wa kiti cha aliyeketi mbele yangu darasani. Mwalimu wa jiografia alinitoa nje mara nyingi mpaka nikawa naufahamu ukuta wa darasa kuliko ramani ya dunia. Nyumbani, Mama alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilinguruma kutwa nzima sebuleni. Yeye akikanyaga, mimi nikigonga.

"Una wadudu miguuni?" alikuwa akiniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Tulia kabla sijakushonea kwenye hicho kiti."

Sikuwa na wadudu. Nilikuwa na kaseti.

Haikuwa na jalada wala jina. Ubavuni Baba alikuwa ameandika kwa herufi kubwa neno moja tu, ROKI, kama mtu anavyoandika CHUMVI kwenye kopo. Baba alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilitazamana na maegesho ya malori, na humo ndani, ukiacha maiti za redio zilizojaa rafuni mpaka darini, kulikuwa na mashine mbili za kaseti: moja ya kuchezea, nyingine ya kurekodia. Redioni roki haikupigwa hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo mtu yeyote mjini aliyetaka roki alikwenda kwa Baba. Na Baba mwenyewe aliichukia. Aliiita kelele za mabati. Alikuwa akirekodi huku amezima sauti kabisa, anaendelea kulehemu waya zake, na kaseti ikimalizika aliicheza kidogo kwenye mashine ileile iliyoirekodi, kuhakikisha kuna kitu ndani, kisha anaitoa na kumpa mwenyewe.

Hiyo mashine ya kurekodia ilikuwa fahari yake. Miaka minne kabla ya hapo kigurudumu cha mota, kile kinachouzungusha mpira wake, kilipasuka, na kipuri hakikupatikana. Baba akachonga kingine kwa tupa kutoka kwenye bolti ya shaba, siku tatu nzima, jicho moja amelifumba na ulimi nje. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Kila mteja mpya alionyeshwa. "Unakiona?" Baba alimwambia, akikielekeza kwa bisibisi. "Kiwanda chenyewe ndiyo mimi."

Ndani ya kaseti yangu alikuwemo Dada. Nani alianza kumwita hivyo sijui, ila mjini kote alijulikana kama Dada wa Kwenye Kaseti. Gitaa lilianza kwa kasi, kama limechelewa mahali, ngoma zikalifuata mbio, halafu Dada akaingia juu kabisa, kwa sauti nyembamba na kali ya mwanamke aliyekasirika na anayeifurahia hasira yake. Sikuwa nimewahi kusikia mwanamke akipayuka namna ile bila mtu kumwambia anyamaze. Nilimpenda kwa wivu. Nilirudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili kutunza betri, nikamsikiliza tena, na tena.

Maneno hatukuyaelewa. Lugha ile tuliisoma shuleni kwenye vitabu vya sarufi, na Dada inaelekea hakuvisoma vitabu hivyo. Lakini kibwagizo sote tulikisikia kwa namna moja: nende huko, nende huko, nende huko. Mpaka leo sijui hasa alikuwa anasema nini, na atakayetaka kunieleza naomba anyamaze. Mimi nilitaka kwenda huko. Ukiniuliza huko wapi, sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililoniwasha zaidi.

Bendi ya roki mjini ilikuwa moja tu iliyojulikana mtaani kwetu. Ilifanya mazoezi kila Jumamosi mchana kwenye karakana ya kuchomelea mageti, baada ya kazi kufungwa. Kiongozi wake, mpiga gitaa, alikuwa kinyozi, na hata akiwa ameshika gitaa tulimwita Kinyozi. Ngoma alipiga mwenye karakana, Welda, na nusu ya ngoma hizo alikuwa ameziunda mwenyewe kwa mabaki ya mageti. Besi ilikuwa mikononi mwa jamaa mmoja wa bohari ya saruji aliyeitwa Kimya. Ungekaa naye saa moja ungeelewa kwa nini.

Niliwafikia kwa njia ya amplifaya. Walikuwa wameileta kwa Baba ikinuka moshi, Baba akaitengeneza, akanituma niwapelekee. Nilipoingia na mzigo wangu walikuwa katikati ya wimbo wa Dada, na Kinyozi alikuwa anaimba. Nasema kuimba kwa kumstahi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, macho yamemtoka pima, na kwenye kibwagizo sauti ikamkatika ikabaki pumzi tupu. Welda aliacha kupiga, akacheka mpaka fimbo zikamdondoka.

"Huyu mwanamke atatuua," Kinyozi alisema, akijifuta jasho kwa taulo la saluni. "Huko juu aliko mwanamume hafiki."

"Si muushushe wimbo?" nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Alinitazama kama ninayetaka kunyolewa upande mmoja. "Binti, wimbo ni kama ulivyo kwenye kaseti. Ukiusogeza, si wenyewe tena."

"Basi nipeni mimi niuimbe."

Welda akaanza tena kucheka. Kimya hakucheka. Alipiga noti ya kwanza ya besi, akaniangalia, akasubiri. Nikaitua amplifaya chini na kuimba. Wimbo ule nilikuwa nimeuimba bafuni mara zisizo na idadi, ndoo ikiwa ngoma yangu, na sasa kulikuwa na ngoma za kweli nyuma yangu na zilinisukuma mgongoni kama mkono. Nilipofika kwenye kibwagizo nilikwenda hadi juu kabisa, pale pale alipo Dada, na sikukwama. Nilipomaliza ndipo nilipogundua kitu cha ajabu: mguu wangu ulikuwa umetulia.

"Mungu wangu," alisema Kinyozi. "Ni yeye mtupu."

Nikawa mwimbaji wa bendi. Mashindano ya bendi yalikuwa yamebakiza wiki sita, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Nyumbani nilisema nakwenda kujisomea kwa rafiki yangu. Baba aliamini, kwa sababu Baba akiwa na redio iliyofunguliwa mbele yake huamini chochote. Mama aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akakata uzi kwa meno.

"Kujisomea gani huko kunakokausha koo?" akauliza.

"Tunasoma kwa sauti, Mama."

"Ahaa. Basi mwisho wa muhula nitegemee maajabu." Hakusema zaidi, lakini toka siku hiyo kila Jumamosi nilikuta maji ya moto ya tangawizi mezani. Mama ndivyo alivyokuwa. Alijua kila kitu, akikuacha ujichoshe kwa uongo wako.

Wiki nne nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena. Shuleni nilikuwa siwezi kungoja Jumamosi; Jumatatu tu niko tayari. Nilitembea kwa haraka bila pa kwenda, nikapita mbele ya saluni ya Kinyozi mara tatu kwa siku ili aniite kwa mkono. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mahali ambapo kelele zangu zilihitajika. Nafasi ile ilikuwa yangu, na ilikuwa yangu kwa sababu moja tu iliyo wazi: Dada yuko juu, na hakuna mwingine anayemfikia. Niliwaza hivyo kila usiku kabla ya kulala, nikijipongeza.

Kisha akaja dereva.

Ilikuwa Jumatano, siku kumi na moja kabla ya mashindano. Baba alikuwa ameitwa kutengeneza spika za shule, mimi nimekaa kibandani nikigonga meza kwa bisibisi. Dereva wa lori la masafa marefu, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata jua likichoma, aliegesha mbele ya mlango.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Mzee yuko wapi? Mwambie yule mwenye kaseti ya roki amepita kumsalimia. Nilimwachia wiki nzima, miaka miwili iliyopita, akawarekodia watu wake. Nasikia mmeipenda hapa."

Nusura niruke meza. "Yenyewe? Ya Dada? Unayo?"

"Dada yupi?" Alicheka, akafungua mlango wa lori. "Hebu sogea usikie kitu halisi."

Aliitumbukiza kaseti kwenye mashine ya lori. Gitaa likaanza, lakini lilikuwa zito, linajikokota, kama mtu aliyeamka na mafua. Nikafikiri betri ya lori inakufa. Ngoma zikaingia taratibu. Halafu akaingia mwanamume.

Wimbo ulikuwa uleule, pumzi zilezile, kikohozi kidogo kilekile kabla ya ubeti wa pili. Ila lilikuwa dume. Dereva alinipa jalada nitazame: wanaume wanne wamesimama mbele ya ukuta, ndevu hadi kifuani, na hata paka jike hakuwepo kwenye picha. "Huyu wa pili ndiye anayeimba," alisema, akimgusa kwa kidole chenye grisi. "Sauti ya juu, eh? Ana koo huyu bwana!"

Nikamrudishia jalada na kutimua mbio. Kibanda cha Baba nilikiacha wazi, redio za watu humo ndani. Nilikimbia mpaka nyuma ya bohari ya saruji, nikakaa juu ya magunia matupu na kulia kwa hasira. Nilijihisi nimechezewa. Mwanamke niliyemwiga miaka miwili, niliyejifunza kwake jinsi ya kufungua mdomo, hakuwahi kuwepo.

Mtoto wa fundi, hata akiwa analia, anatafuta kilichoharibika. Jioni ile nilirekodi redio kwenye mashine ya Baba kwa dakika tano kamili, jicho kwenye saa ya ukutani. Nikaipeleka kaseti nyumbani, nikaicheza kwenye redio ya Mama. Ilikwisha baada ya dakika nne na nusu na sekunde chache. Mtangazaji wa habari za kilimo alisikika kama mvulana anayekimbizwa na mbwa. Nikarudia kibandani kesho yake: kwenye mashine ya Baba, mtangazaji yuleyule alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake.

Ni kile kigurudumu cha shaba. Baba alikuwa amekichonga kikawa kidogo kupita kiasi, kwa unene wa ukucha hivi. Mashine ilirekodi polepole, na kaseti ikienda kwenye mashine yoyote nyingine ikawa inakimbia. Baba angejuaje? Alikuwa akipima kila kaseti kwenye mashine ileile iliyokosea, na kwenye mashine ile kila kitu kilikuwa sawa. Miaka minne mji mzima ulisikiliza muziki ulioharakishwa. Mama alikuwa akilalamika siku zote kwamba redio inazivuta nyimbo, inazipiga polepole kuliko kaseti za Baba, na sisi tukimcheka.

Ningeweza kusema. Siku kumi nilitembea na neno hilo mdomoni kama mtu aliyeng'ata kipande cha moto. Nikimwambia Kinyozi, atasema wimbo ni kama ulivyo kwenye kaseti halisi, atauimba mwenyewe huko chini kwa raha zake, na mimi nitarudi kugonga meza. Nikimwambia Baba, nitakuwa nimemvua nguo. Kwa hiyo nilinyamaza, na nilijua vizuri kwamba nilinyamaza kwa ajili yangu. Baba nilimtumia kama kisingizio tu. Mguu ulirudi kugonga, mara mbili ya zamani. Mama alinitazama siku moja mpaka sindano ikamchoma.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, nilipofika karakana walikuwa hawapigi. Kinyozi ameketi juu ya geti ambalo halijakwisha, na redio yake ya saluni magotini.

"Jana nimemnyoa dereva mmoja," alisema. "Kaniachia kaseti. Anasema alikusikilizisha wewe wiki iliyopita, ukakimbia kama umeona nyoka."

Akabonyeza, na yule mwanamume wa ndevu akaanza kuimba karakana nzima.

"Ulijua," alisema Kinyozi.

"Ndiyo, kaka."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Siku kumi unatuacha tupige kitu kibovu. Mimi nimeumia koo mwaka mzima, unaniona." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonikata maini. Ningetamani anipigie kelele. "Ungesema tu. Ungesema, tungekaa tukatafuta pa kukuweka."

"Mngeniacha."

"Sasa je?"

Welda aliangalia fimbo zake. Kinyozi alisema kesho wimbo utapigwa kama ulivyo, ataimba yeye, na mimi kama nataka nikae pembeni ya jukwaa nipige makofi. "Halafu hii ni mashine ya mzee wako," akaongeza. "Simwambii mimi. Utamwambia wewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Jumamosi hiyo yote sikumwambia. Jumapili asubuhi Baba aliamka, akavaa shati lake la kola ngumu, akafunga vifaa vyake kwenye begi.

"Leo nimepewa spika za ukumbini," alisema. "Mashindano ya hao wapiga mabati. Twende ukanishikie waya, maana naona hukai."

Mama alipiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baba aliketi mbele, kando ya jukwaa, mezani na mashine ya kaseti ya ukumbi, bisibisi sikioni. Bendi ya kwanza ikapiga, ya pili ikapiga. Katikati, mshereheshaji alikuwa akichezesha kaseti watu wasichoke, na hapo dereva akasimama na kofia yake ya sufu, akanyoosha kaseti juu. "Leo msikie yenyewe!" akatangaza, akampa Baba.

Baba akaiweka. Gitaa likaanza kujikokota. Watu walitazamana, kisha mmoja wa nyuma akapayuka: "Fundi! Betri!"

"Kaseti inavuta!" wakadakia wengine. "Betri zimekwisha!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yule bwana wa ndevu alipoanza kuimba walimzomea kama mlevi. Dereva alizunguka akieleza, lakini nani amsikie.

Baba alikuwa amekwishainuka. Akatoa kaseti, akafungua mashine ya ukumbi kwa skrubu nne, akachungulia, akagusa mpira kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, naona kila kitu. Mashine haikuwa na tatizo. Akaifunga. Akaingiza mkono kwenye begi, akatoa kaseti aliyorekodi mwenyewe, ROKI kwa herufi kubwa, akaiweka. Dada akaruka kutoka kwenye spika, watu wakashangilia. Baba akaizima. Akaweka tena ile ya dereva, sekunde tatu. Akaizima. Nilimwona akifungua kiganja na kukitazama, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada, kama mtu anayeshika kitu kidogo sana ambacho hakipo.

Wakati huohuo bendi yetu ikaitwa.

Kinyozi alisimama mbele ya maiki, akaanza wimbo pale alipoambiwa na kaseti halisi. Aliuimba vizuri, niseme haki yake. Lakini hakumaliza ubeti. "Hata bendi imeishiwa betri!" mtu alipiga kelele, na kicheko kikapita kama upepo mlangoni. Welda akapoteza mapigo. Kinyozi aliendelea kwa ubishi, masikio yamemwiva, na mimi pembeni nilikuwa na mikono ya kupigia makofi, siwezi kuitumia. Nilitaka kufa, nilitaka kuimba, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Besi ikanyamaza. Kimya alikuwa ameacha kupiga. Gitaa likaishia hewani na ngoma pia.

"Mwite mtoto," Kimya alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake, na ilikuwa nzuri. "Vidole vyangu vinajua kule juu tu."

Kinyozi alimtazama, akanitazama mimi. Nilidhani atakataa. Akachomoa maiki kwenye mti wake, akanijia.

"Wimbo ni kama ulivyo kwenye kaseti," alisema polepole. "Lakini kaseti yetu ni ipi?" Akanipa maiki.

Kimya akaanza, kule juu, kwa haraka yetu ya siku zote. Nilipofungua mdomo nilikuwa namwangalia Baba. Sikuwa na namna nyingine ya kumwambia, na yote mawili, kwamba naimba na kwamba nilijua, nilimwambia kwa mkupuo mmoja. Ukumbi uliinuka kwenye kibwagizo. Nende huko, waliimba, wake kwa waume, watoto madirishani, mji mzima wenye haraka iliyotoka kwenye bolti ya shaba. Dada hakuwahi kuwepo, sawa. Basi siku hiyo alikuwepo.

Tulipata nafasi ya tatu kati ya bendi nne. Kinyozi alinipigapiga kichwani, akasema koo lake linanishukuru ila yeye bado amekasirika mpaka Jumamosi.

Tulitembea na Baba kurudi kibandani, jua bado liko juu ya mabati. Akafungua kufuli, akaketi, akaivua mashine yake kifuniko.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku kumi na moja, Baba."

"Mimi miaka minne." Alikigusa kigurudumu kwa bisibisi. "Nimekionyesha kila mtu."

"Kizuri, Baba. Ni kizuri tu kimepungua."

"Shaba ukishaila kwa tupa hairudi." Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi sikuwa nimewahi kumwona Baba hivyo, nikaanza kugonga meza kwa vidole. Akauweka mkono wake juu ya wangu. "Kesho asubuhi nachonga kingine. Hiki nakitoa. Lakini leo bado kimo."

Akatafuta kaseti tupu, akaunga maiki, akaipuliza. Nilimwambia haitasikika vizuri mahali popote. Akasema anajua. Itasikika sawasawa kwenye mashine hii, leo, na inatosha. Akabonyeza, akaisogelea maiki, akahesabu kwa ule ukali wake wa kujaribu vifaa, na mimi nikaimba peke yangu, bila ngoma, katikati ya redio za watu zilizokufa.

Asubuhi kigurudumu kilitoka. Baada ya mwezi wateja walianza kunung'unika kwamba fundi ameharibika, kaseti zake siku hizi zinavuta, na Baba alinyamaza, akaendelea kurekodi kwa usahihi. Nami nilikwenda huko, mara nyingi, na bendi tatu tofauti. Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Nilipekua makopo yake yote ya skrubu, kigurudumu sikukipata.

Kaseti ninayo. Nikiicheza, kwenye mashine yoyote niliyobahatika kuipata, nasikika kama mtoto mdogo mwenye haraka mno. Lakini kabla yangu yupo yeye, na kwa kosa la mkono wake mwenyewe, Baba kwenye kaseti hiyo ni kijana, sauti nyepesi, hajafika hata miaka ishirini, anakimbilia mahali.

"Moja, mbili," anasema. "Moja, mbili. Haya, Kiroboto. Nenda huko."